Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bahari yetu: sulisuli arudi majini, nguru aende jikoni

Kwa Waziri mwenye dhamana ya uvuvi na uchumi wa samawati,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Huduma ya Uvuvi ya Kenya,
Kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori,
Kwa magavana wa Kilifi na Kwale,

Waheshimiwa,

Kila siku ya kaskazi, kuanzia Ngomeni hadi Shimoni, kuna swali moja linaloulizwa tena na tena juu ya boti za wageni. Samaki amechoka, amefika ubavuni mwa boti, baharia ameushika mshipi. Arudi au apande? Jibu hutegemea mgeni ameamkaje, kama tayari ana picha ya kupeleka kwao, kama nahodha anadaiwa mafuta, na kama siku hiyo wamepata nguru wa kutosha kuwapa mabaharia mgao. Samaki mwenyewe, yaani aina yake, jeraha lake na uwezekano wake wa kuishi akirudi, hufikiriwa mwisho. Nawaandikia kuwaomba mlipindue jambo hili kwa kanuni: samaki afikiriwe kwanza, na hasara ya kumrudisha isiachiwe baharia.

Mimi ni nahodha wa boti ya wageni. Nimekulia Watamu, kwa baba aliyevua kwa dema na mshipi, na kazi nimeifundishwa na manahodha wa hapa hapa, kuanzia kufunga chambo hadi kushika usukani. Sisemi kwa niaba ya chama wala mwenye boti yeyote. Nayasema haya kwa kuwa ninayaona karibu, na kwa kuwa bahari hii nataka iwalishe na wanangu.

Nianze na sulisuli, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama upanga, maana ndiye anayewavusha watu mabara ili waje wakae kwenye viti vyetu. Upepo wa kaskazi ukishatulia, maji ya kahawia ya Mto Sabaki husogea upande wa Malindi na kukutana na maji ya buluu ya kilindini. Kwenye mstari huo vidagaa hujikusanya, na sulisuli huwafuata, pezi la mgongoni likichomoza kama tanga dogo. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikuja kuvua Malindi mwaka 1934, na wengi wamefuata nyayo zake. Zamani hizo sifa ya mvuvi wa mchezo ilikuwa samaki aliyening'inizwa ufukweni huku watu wakipiga picha. Jua likimpiga saa mbili au tatu, hata paka alimtazama mara mbili kabla ya kumla.

Mambo yamebadilika sana tangu wakati huo, na sifa hiyo nawapa manahodha na wenye boti waliobadilika bila kusukumwa. Watamu kuna shirika la African Billfish Foundation, ambalo kwa zaidi ya miaka 30 limekuwa likitupa alama za kuwachomeka sulisuli na ndugu yake nduwaro (marlin) kabla ya kuwaachia. Nahodha huandika mahali, tarehe na makadirio ya uzito. Samaki huyo akivuliwa tena, hata kama ni na chombo cha nchi nyingine, ile alama hueleza alikotoka na alivyokua. Hii ni kazi ya sayansi inayofanywa na mabaharia ambao wengi wao hawakumaliza shule, na sijui kama imewahi kupata shukrani inayostahili kutoka serikalini.

Lakini hiari ina mpaka wake. Nahodha mmoja akimwachia sulisuli, jirani yake anaweza kumpandisha huyo huyo baada ya nusu saa, na wote wawili wako sawa mbele ya mgeni anayewalinganisha kwa bei. Anayefanya vizuri ndiye anayeadhibiwa. Ndiyo maana nasema jambo hili limeshatoka kwenye uwezo wetu sisi wa baharini na limefika mezani kwenu. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inawapa nguvu ya kutunga kanuni. Itumieni.

Wala hamtakuwa wa kwanza. Kenya ni mwanachama wa Tume ya Tuna ya Bahari ya Hindi, ile yenye makao yake Shelisheli. Mwaka 2012 tume hiyo ilipitisha azimio kuhusu papa wa mkia mrefu, na azimio lile liliwataja wavuvi wa mchezo waziwazi: wamwachie akiwa hai, na wawe na vifaa vya kufanya hivyo. Mwaka 2018 ikaweka viwango vya juu vya kuvua nduwaro na sulisuli katika bahari nzima, ikakataza kubaki na samaki wa jamii hii aliye chini ya sentimita 60, akipimwa kutoka taya la chini hadi kwenye panda ya mkia. Nduwaro wa milia, ambaye wageni wetu wanamlipia hela nyingi, ni miongoni mwa samaki ambao wanasayansi wa tume hiyo wamesema kwa miaka kadhaa kwamba wamepungua kupita kiasi na bado wanavuliwa kupita kiasi. Kwa hiyo kumwachia huyu si suala la ustaarabu wa mgeni. Ni deni la nchi.

Sasa niwasogeze karibu na maji, kwa sababu kanuni ikiandikwa na mtu asiyejua kinachotokea pale ubavuni mwa boti itakuwa karatasi tu.

Sulisuli anapofika baada ya kupigana huwa rangi yake imefifia, shaba iliyochuja, na macho yake makubwa yanakutazama. Baharia mwenye glavu humshika ule upanga wa mdomoni, chini ya maji. Nahodha haizimi injini. Anaiacha boti itambae polepole, kwa kuwa samaki huyu hupumua kwa kuogelea, maji yakipita mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Ukimshika kisha boti ikasimama, unamkosesha pumzi huku unadhani unamsaidia. Dakika moja, mbili, wakati mwingine tano. Kisha ubavuni huanza kurudi zile alama za buluu, mkia unapiga, na baharia anausikia ule mpigo kwenye kifundo cha mkono kabla hajauona kwa macho. Hapo ndipo anapoachia. Akiachia kabla, samaki huzama kichwa chini akipinduka, na aliye juu akasema "ameenda" huku akipiga makofi.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mara nyingi mno inakuwa vingine. Mgeni anataka picha. Watu wawili wanamvuta sulisuli juu ya ukingo wa boti, tumbo linakwaruzwa, ule utelezi unaomkinga ngozi unabaki kwenye nguo zao, anawekwa mapajani pa mgeni, kamera haiwaki, simu inatafutwa, mke anaitwa naye aje aingie kwenye picha. Kisha anatupwa majini na kuandikwa kwenye kitabu kwamba ameachiwa.

Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio walilofanya kwa samaki aina ya traut, ndugu wa wale wanaovuliwa kwenye mito ya baridi ya Mlima Kenya. Waliochoshwa bila kutolewa majini, kama 12 kati ya kila 100 walikufa. Waliochoshwa kisha wakawekwa hewani kwa sekunde 30, walikufa 38. Waliowekwa dakika moja nzima, walikufa 72. Traut wa maabara si sulisuli wa bahari kuu, nalijua hilo, na hesabu za kwetu zinaweza kuwa tofauti. Lakini hakuna baharia mwenye uzoefu atakayeshangazwa na upande ambao hesabu hizo zinaelekea. Marekani, kwa uvuvi wa Bahari ya Atlantiki, kanuni iko wazi: nduwaro au sulisuli asiyebaki na wewe haondolewi majini. Picha inapigwa akiwa ndani ya maji, na kwa kweli ndiyo picha nzuri zaidi, kwa kuwa rangi zake bado ziko hai.

Jambo la pili ni ndoana. Ndoana ya kawaida, ile yenye umbo la herufi J, samaki akimeza chambo cha kweli inashuka nayo hadi kooni au tumboni, na unapokaza mshipi inachana ndani. Ndoana ya duara ncha yake imepinda kurudi kwenye shina. Samaki akimeza na kugeuka, inateleza ikatoka kooni bila kushika, inakuja kunasa kwenye pembe ya mdomo. Huvuti fimbo kwa nguvu. Unaacha mshipi ukaze wenyewe. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa nduwaro weupe wa Atlantiki waliofungwa vifaa vinavyotuma taarifa kwa setilaiti baada ya kuachiwa. Walionaswa kwa ndoana za duara wote walinusurika. Walionaswa kwa ndoana za J, zaidi ya theluthi walikufa baada ya kuachiwa, yaani baada ya watu juu ya boti kupongezana. Tangu mwaka 2008 mashindano ya uvuvi wa samaki hawa upande wa Atlantiki wa Marekani hayaruhusu ndoana za J kwenye chambo cha kweli.

Ndoana ya duara inauzwa, inapatikana, na tofauti ya bei yake si ya kumkwamisha mwenye boti. Kwa chambo cha plastiki kinachoburutwa kwa kasi hali ni tofauti kidogo, maana samaki hamezi, hupiga na kunaswa mdomoni. Kwa hiyo sisemi mpige marufuku ndoana zote za J. Semeni hivi: chambo cha kweli kwa sulisuli na nduwaro, ndoana ya duara. Hapo mtakuwa mmeokoa samaki wengi kuliko kwa hotuba yoyote.

Nije kwenye pingamizi zito kuliko yote, na halikutoka kwa mzungu wala kwa mwenye boti. Lilitoka kwa mzee wa Mayungu, mvuvi wa ngalawa, siku aliponisikia nikijisifu kwamba tumeachia sulisuli wengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, riziki imekujia mkononi, umeichosha, umeitoboa, kisha umeirudisha. Kama hukuwa na njaa, ulikwenda kufanya nini?"

Swali hili lina haki ya kujibiwa na kila anayeishi kwa kazi hii. Kwa Waislamu wa pwani hii israfu ni dhambi, na kumtesa kiumbe bila haja ni dhambi vilevile. Wala mzee hayuko peke yake. Sheria ya Ujerumani ya kulinda wanyama inakataza kumuumiza mnyama bila sababu ya msingi, na huko kuvua kwa nia ya kuachia tu kunaweza kukufikisha mahakamani. Sababu inayokubalika kwa kawaida ni kula. Uswisi nayo imekataza tangu mwaka 2009 kwenda kuvua kwa nia ya kurudisha. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba kuachia ndiko kwenye usafi wa moyo na kula ndiko kwenye ushamba. Kuna nchi zilizofikiri sana na kufikia upande wa yule mzee.

Mimi namwelewa, na sehemu kubwa ya hoja yake naikubali. Mahali ninapotofautiana naye ni hapa: sulisuli mmoja aliyeachiwa vizuri anaweza kuwalisha watu kwa miaka, kupitia mshahara wa baharia, kodi ya nyumba ya mwalimu anayempangisha baharia, na duka la mama anayeuza mkate gatini alfajiri. Hiyo ni haja, si mchezo mtupu. Lakini hoja hiyo inasimama tu kama samaki kweli anaishi, na kama kuna kikomo. Boti inayokutana na kundi la sulisuli na kuwanasa mmoja baada ya mwingine kutwa nzima, kwa kuwa "si tunawaachia?", imeshavuka mpaka. Hata kwa mikono mizuri, baadhi yao watakufa. Ukiwanasa wengi mno, idadi ya wanaokufa bila kuliwa na mtu inaweza kupita ile ya boti iliyopandisha wawili na kuwagawia watu.

Kwa hiyo wekeni kikomo hata kwa wanaoachiwa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iko pale Mombasa; wataalamu wake na wakae na manahodha, watoe idadi ya sulisuli kwa boti kwa siku. Ikifika, mishipi ya sulisuli ipandishwe. Mgeni anayetaka kuendelea akavue nguru.

Na yule anayefika ubavuni akichuruzika damu kwenye matamvua, au ndoana ikiwa imeshuka tumboni, au aliyekwisha kufa? Huyo aliwe. Ninawasihi sana kanuni isije ikalazimisha kumtupa samaki aliyekufa baharini kwa ajili ya kupendezesha takwimu. Apandishwe, aandikwe, apelekwe diko, akabidhiwe kamati ya ufuo, BMU, igawe au iuze kwa mama karanga, wale wanaokaanga samaki na kuuza, na pesa ziingie kwenye hesabu za ufuo badala ya mfuko wa boti. Nasema zisiingie mfuko wa boti kwa sababu maalumu: boti ikijua inafaidika na samaki aliyeumia, walioumia wataongezeka.

Kwa samaki wa kitoweo sina maneno mengi. Nguru, felusi, sehewa, jodari aliyekomaa: mgeni akivua, na aliwe, na asione haya. Felusi hukua haraka na huanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka. Nguru wa kukaanga na wali wa nazi ni sehemu ya kile mgeni alichokuja kukiona kwetu. Wekeni idadi ya busara kwa kila boti, basi. Mdogo arudi.

Mwambani ndiko kunakohitaji macho. Kolekole mkubwa huishi miaka mingi, ana nguvu, na akishughulikiwa vizuri anaondoka mzima, huyo arudi. Tewa ni habari nyingine kabisa. Wengi wa jamii yao huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wanapokuwa wakubwa, kwa hiyo ukichukua wakubwa tu unawaondoa madume kwenye mwamba mzima. Mtu akisikia hivyo atasema basi tewa naye aachiwe. Lakini anayevuliwa kilindini hufika juu akiwa amevimba, kibofu chake cha hewa kimejaa, tumbo limesukumwa likatokea mdomoni, macho yamechomoza. Ukimrudisha anaelea juu ya maji, hawezi kuzama, mpaka ndege au papa amkute. Nimewaona wakielea nyuma ya boti ambazo zilikuwa na uhakika kabisa kwamba zimehifadhi mazingira. Kwa tewa wa kilindini kanuni ya haki ni kutomfuata kwa ajili ya mchezo. Anayemfuata na awe na uzito wa kumshushia hadi kwenye kina alichotoka, au amle huyo mmoja na kuacha. Na ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Watamu na Malindi, zilizowekwa tangu mwaka 1968, hakuna kuvua kwa namna yoyote, iwe kwa kula au kwa kuachia. Shirika la Huduma za Wanyamapori linalijua hilo, ila doria zikiwa chache zipo boti zinazolisahau.

Sasa mgao. Hapa ndipo mazungumzo mengi ya kuachia samaki yanapokatikia, kwa kuwa wanaoyaendesha hawajawahi kulipwa kwa samaki.

Kwenye boti zetu nyingi samaki ni wa boti. Mgeni hupewa kipande cha kula, wengine wanauzwa, na katika mauzo hayo baharia hupata nyongeza yake juu ya ujira ulio mdogo. Nduwaro mmoja mkubwa ni ada ya shule ya muhula. Mgeni akisema "mwachie", heshima inakuwa yake, picha inakuwa yake, na aliyetoa sadaka ni kijana wa nyuma ya boti ambaye hakuulizwa. Halafu tunashangaa kwa nini kijana huyo hamshiki sulisuli kwa dakika tano hadi apate nguvu, kwa nini anamwachia haraka akafunge chambo kingine.

Ninapendekeza ada ya kuachia iingizwe kwenye bei ya kila safari ya kuvua samaki hawa, iende moja kwa moja kwa mabaharia na nahodha, na ionekane kwenye risiti ya mgeni. Ilipwe kwa siku. Nasisitiza hilo: kwa siku, si kwa samaki. Mkilipa kwa kila samaki aliyeachiwa, mtakuwa mmetuhimiza kunasa wengi zaidi ili tuachie wengi zaidi. Ikiwa ya siku, baharia hapungukiwi sulisuli akirudi na haongezewi akinasa wa ishirini. Mgeni aliyelipia mafuta ya boti kutwa nzima hatashindwa na nyongeza hiyo, hasa akijua inakwenda wapi. Kaunti zetu mbili zinapokea watalii hawa. Zinaweza kulianzisha hili kwa kukaa na wenye boti msimu huu huu.

Mashindano nayo yanahitaji mkono wenu. Pointi zitolewe kwa sulisuli na nduwaro walioachiwa, zikithibitishwa kwa video wakiwa majini, na zisitolewe kabisa kwa uzito wa samaki hawa nchi kavu. Najua rekodi za dunia za uzito zinadai samaki apimwe nchi kavu. Anayetaka rekodi ya namna hiyo na aombe kibali maalumu, alipe, na nyama yote iende ufuoni siku hiyo hiyo. Nyama ya nduwaro mkubwa, kwa njia, si ya kumpa kila mtu. Samaki hawa wakubwa hukusanya zebaki mwilini, na wataalamu wa afya huwashauri waja wazito kutoila. Nalo hilo lisemwe ufuoni wakati wa kugawa.

Kuna na sulisuli wa moshi. Hoteli zetu humuuza kama fahari ya pwani, na mgeni aliyemwachia sulisuli asubuhi humkuta kwenye sahani jioni. Mimi sitaki akatazwe. Nataka hoteli imnunue kwa mvuvi wa ngalawa au mashua aliyemvua kwa mshipi wake, kwa bei ya maana, na isimnunue kwa boti ya mchezo. Mvuvi yule akimpata sulisuli mmoja anastahili kumuuza vizuri.

Na hapa naomba msinielewe vibaya. Kanuni hii isimguse mzee wa Mayungu. Anayevua ili ale na kuuza hana deni kwa starehe ya mtu. Nimeona, pwani hii na kwingine, uhifadhi ukianzia kwa mwenye ngalawa na kuishia hapo hapo, kwa kuwa yeye ndiye rahisi kumkamata. Anayelipia kuvua kwa furaha ndiye anayepaswa kuwekewa masharti.

Mtaambiwa pia kwamba haya yote ni bure, kwa sababu sulisuli wengi wa Bahari ya Hindi hawafi kwa fimbo za wageni. Wananaswa na nyavu za jarife na meli za nchi za mbali. Ni kweli. Hiyo ndiyo sababu nataka wajumbe wetu waende kwenye mikutano ya tume wakiwa na kanuni ya kwao mkononi na daftari za kila boti: wangapi walinaswa, wangapi waliachiwa, kwa ndoana gani, katika hali gani. Nchi yenye hesabu husikilizwa. Kwa sasa sehemu kubwa ya hesabu hizo iko vichwani mwa manahodha, na wengine wameshazeeka.

Kaskazi inaanza Novemba, na boti hupandishwa ufuoni kukarabatiwa miezi ya kusi, wakati manahodha na mabaharia wana nafasi. Naomba mwite baraza wakati huo, Watamu, Malindi, Kilifi na Shimoni, BMU zikiwa mezani pamoja na wenye boti, na siyo wenye boti peke yao. Leteni rasimu kwa Kiswahili. Leteni na ndoana za duara, tuwaonyeshe wale ambao hawajazitumia zinavyofungwa kwenye chambo. Mimi nitakuja, na nitawaleta mabaharia wa boti yangu, maana wao ndio watakaoishika kanuni hii kwa mikono yao.

Wenu katika kuitunza bahari,

Nahodha wa boti ya wageni, Watamu